Kabla hujabeba gari la rimoti kwenda kwenye mbio

Anza na betri, tena anza jana yake. Magari mengi ya umeme ya kipimo cha 1/10 (yaani moja ya kumi ya gari halisi) hutumia betri ya lipo, yaani lithiamu polima, ya seli mbili. Imeandikwa volti 7.4, lakini ikijaa inafika 8.4, na hapo chaja isimame. Usiamini kwamba chaja iko kama ulivyoiacha; mdogo wako anaweza kuwa amebonyezabonyeza. Hakikisha inasoma lipo, inasoma seli mbili, na ule waya mwembamba wa kusawazisha seli umechomekwa. Hesabu ya ampea ni nyepesi: betri ya mAh 5000 (mAh ni kipimo cha umeme inaobeba) ichaji kwa ampea 5, ya 3200 kwa 3.2. Kwa mwendo huo betri iliyoisha itachukua kama saa nzima, kwa hiyo mwenye betri tatu na chaja moja asianze kazi hiyo asubuhi bodaboda ikimpigia honi getini. Umeme ukikatika, chaja nyingi hukubali volti 12 za betri ya gari halisi. Tafuta nyaya zake mapema.

Chajia sakafuni kwenye vigae, mbali na godoro na mapazia, na uwepo hapo hapo. Lipo ikishika moto haikupi muda wa kutafuta ndoo. Iliyovimba itoe kwenye hesabu kabisa. Mimi niliwahi kuwa nayo moja imetuna kama andazi, nikawa nailazimisha iingie kwenye nafasi yake huku kile kibao cha kuishikilia kikigoma kufunga. Kibao kilikuwa na akili kuliko mimi. Na mvua ikiahirisha mbio, usiziache betri zimejaa wiki nzima. Zirudishe kwenye volti 3.8 kwa kila seli, chaja nyingi zina chaguo la kuhifadhi linalofanya hivyo lenyewe.

Baada ya betri, skrubu. Hasa kale kadogo kanakobana gia ndogo kwenye shafti ya mota. Shafti ina upande mmoja uliochongwa bapa, na skrubu lazima ikalie hapo. Ikikalia penye mviringo itashika mizunguko miwili mitatu, halafu utasikia mota inalia na gari limesimama. Itoe, futa mafuta, weka tone moja la gundi ya nati, kaza tena. Ukimaliza, pima mwanya kati ya gia ndogo na kubwa: kata ukanda wa karatasi ya daftari, upitishe katikati ya meno, sukuma mota mpaka karatasi ibanwe, kaza mota, kisha zungusha gia karatasi itoke. Ikitoka imekunjamana bila kuchanika, uko sawa. Ikichanika, umebana mno, na meno ya plastiki hayatavumilia.

Tairi zikague kwa kidole gumba. Sukuma mpira pembeni ya rimu, zunguka nao wote. Penye mwanya tia supagluu na uache ikauke usiku kucha. Nati za magurudumu zina plastiki ndani ya kuzishika. Ile inayozunguka kwa vidole bila spana imeshachoka, ibadilishe.

Rimoti huwa ya kwanza kuwashwa na ya mwisho kuzimwa. Kuna jaribio moja ambalo wengi hulidharau: weka gari juu ya kopo magurudumu yakiwa hewani, vuta mafuta kidogo (tunasema mafuta ingawa ni umeme, mazoea), kisha zima rimoti ghafla. Magurudumu yasimame. Yakiendelea kuzunguka, kinga ya kupoteza mawimbi haijapangwa, na gari la namna hiyo likikata mawasiliano litaishia kwenye miguu ya mtazamaji.

Waandaaji waulize mapema wanaruhusu mota gani na betri gani, na kama wao ndio wanaotoa transponda ya kuhesabia mizunguko au uje na yako. Kwenye sanduku la vipuri, kama pesa ni ya kuhesabu, nunua kwanza mikono ya chini ya mbele, ile inayobeba gurudumu. Ukigonga mti au ukingo, ndiyo inayopokea kipigo.

Halafu viatu. Mashindano mengi yana desturi kwamba ukimaliza mbio zako unakwenda kusimama kwenye kona kuyainua magari ya wenzako yanayopinduka katika mbio zinazofuata. Hapo magari yanapita kwa kasi usawa wa vifundo, na ndala hazitakusaidia. Vaa viatu vya kufunika, angalia nyuma kabla hujaingia njiani, na gari lililopinduka lishike ubavuni. Mwenye nalo, kule jukwaani, mara nyingi bado amebonyeza mafuta.