Mbuni uliochoka: maotea yapi yaachwe, matawi yapi yaondoke

Baada ya kumaliza kuchuma kahawa, shika tawi moja la mbuni ulitazame kuanzia shinani hadi nchani. Karibu na shina gome ni la kijivu, majani hakuna, na kila fundo lina makovu makavu ya vikonyo vya miaka iliyopita. Mbele kidogo gome ni la kahawia na makovu bado mabichi: hapo ndipo ulipochuma msimu huu. Nchani kuna kipande cha kijani chenye majani mawilimawili. Kahawa ya mwakani itatoka zaidi kwenye kipande hicho, kwa sababu kahawa aina ya arabika huzaa kwenye sehemu iliyokua msimu uliotangulia, na fundo lililokwisha kuzaa si la kutegemea tena. Hesabu mafundo ya hicho kipande. Yakiwa mawili au matatu tu, tawi limechoka, hata kama ni nene na linapendeza macho.

Ndiyo maana mbuni usiopogolewa hukimbia na kahawa yake. Mwaka hadi mwaka mazao husogea nje na juu, mpaka mchumaji anahitaji ngazi na katikati ya mti pamebaki fito tupu.

Kabla ya kushika msumeno, tofautisha vichipukizi viwili. Tawi la msingi hutoka kwenye shina likilala upande, nalo ndilo linalobeba kahawa. Otea husimama wima na litakuja kuwa shina jipya. Haviwezi kubadilishana kazi. Tawi la msingi ukilikata hadi kwenye shina, jingine halioti mahali pale. Kitakachochomoza hapo ni otea. Kwa hiyo kukata tawi la msingi ni uamuzi usio na marejeo, ilhali otea ukilikosea mwezi huu, mwezi ujao yatakuwapo mengine kumi.

Shina likishazaa miaka mitano hadi saba, libadilishe. Kata kisiki chenye urefu wa sm 30 hadi 45 kutoka ardhini, kwa msumeno mkali, mkato uliolala kama paa ili maji ya mvua yateleze. Mkato bapa hutuama maji na kisiki huoza kuanzia juu. Kama mbuni una mashina mawili au matatu, acha moja lisimame kwanza: majani yake yanalisha mizizi wakati maotea bado madogo. Litaondolewa maotea yakishajitegemea. Mti dhaifu uliokatwa wote kwa mara moja wakati wa kiangazi mara nyingi haurudi. Kipato nacho kina uzito wake: otea hutoa kahawa kidogo mwaka wa pili, na mavuno ya maana huanza mwaka wa tatu, hivyo kata theluthi moja au robo ya shamba kila mwaka, mstari kwa mstari. Anayekata shamba zima kwa mkupuo atakaa misimu miwili akiangalia visiki.

Sasa maotea. Yataota kwa wingi, wakati mwingine ishirini kwenye kisiki kimoja, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Macho huvutwa na otea nene lililo juu kabisa, ukingoni mwa mkato. Hilo liondoe. Mti ulio chini ya mkato hukauka sm kadhaa kadiri kidonda kinavyopona, na otea lililoshikilia sehemu inayokauka halina nanga. Likibeba kahawa ya kwanza, upepo unalibandua pamoja na kipande cha gome. Chagua yaliyotoka sm 10 hadi 15 chini ya mkato. Yale yanayotoka ardhini au chini sana ya kisiki nayo yaache nje ya hesabu, kwani matawi yake ya kwanza yatalala kwenye udongo.

Yachague kwa awamu mbili. Yakifika sm 15 hadi 20, bakiza manne mpaka sita yaliyo pande tofauti za kisiki. Yakifika kama sm 40, bakiza idadi ya mwisho. Subira hiyo ina sababu: mbuzi, jembe na upepo navyo hupogoa. Idadi ya mwisho hutegemea nafasi. Kwenye nafasi ya zamani ya m 2.74 kwa 2.74, hekta ina mibuni kama 1,330, na mashina matatu kwa kila mbuni yanatosha. Kwenye m 2 kwa 2, kama inavyopandwa aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, kuna mibuni 2,500, basi yatosha mawili. Maotea mawili yaliyotoka fundo moja yasibaki pamoja hata yakiwa mazuri kiasi gani. Yakinenepa yatasukumana na kupasuka pale yalipoungana. Yaliyobaki yang'oe kwa kidole yakiwa bado laini, ukivuta kuelekea chini. Ukiyakata kwa kisu na kuacha kishina, kila kishina kitatoa mengine mawili.

Kwenye mashina yaliyokwisha simama, anza na vilivyokufa, vilivyovunjika na vilivyotobolewa. Ungaunga wa mbao chini ya shina ni dalili ya bungua, mdudu anayetoboa shina, na shina la namna hiyo ndilo la kwanza kwenda zamu ya kubadilisha ikifika. Kisha ondoa matawi yanayogusa ardhi, na vitawi vyote vilivyo ndani ya sm 15 kutoka kwenye shina, ili mwanga na dawa vipenye. Vitawi vinavyorudi ndani, vinavyokwenda juu au vinavyokatiza vingine, navyo viondoke. Kwenye kila tawi la msingi bakiza vitatu au vinne vinavyoelekea nje, vikipishana kulia na kushoto. Mbuni ukibanana, unyevu hukawia asubuhi na chulebuni, ugonjwa wa kuvu unaoozesha matunda ya kahawa, hupata nafasi. Kunguni wa kahawa nao hupenda giza hilo. Huko Rwanda na Burundi mdudu huyu anahusishwa na ile ladha ya kiazi kibichi inayoharibu kahawa kikombeni.

Lakini usizidishe. Mti uliovuliwa majani mengi hujibu kwa maotea mengi, na matunda yaliyobaki hukosa wa kuyalisha, yakakauka pamoja na ncha za matawi. Ukiona ncha zinakauka na kuwa nyeusi baada ya mavuno makubwa, mara nyingi mti uliachiwa matawi mengi yanayozaa kuliko majani ya kuyabeba.

Wakati wa kazi hii ni kati ya mwisho wa kuchuma na maua ya kwanza. Kilimanjaro na Arusha ni Januari na Februari, kabla ya masika. Mbozi na Mbinga ni Oktoba, kabla mvua hazijakolea. Ukichelewa mpaka maua yametoka, unakata kahawa yako mwenyewe.

Ukitoka kwenye mti wenye vidonda au gome lililopasuka, osha mkasi na msumeno kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa tisa za maji, kisha upanguse na kupaka mafuta maana klorini hula chuma. Kabla ya kukata, ondoa buni kavu zilizobaki matawini, kwa kuwa ruhuka, mdudu anayetoboa buni, hujificha humo kusubiri msimu mpya. Matawi mazima yakatwekatwe yatandazwe kati ya mistari. Yenye bungua au fuzari (ugonjwa wa kuvu unaonyausha mbuni) yachomwe siku hiyohiyo, yasilale shambani.