Jinsi ya kuendesha kipimo cha CRISPR cha stripu na kutuma majibu yake kwa simu

Mwongozo huu unawalenga wataalamu wa maabara na wanafunzi wao wanaotaka kujifunza kipimo cha aina ya DETECTR, yaani kinachotumia CRISPR, zana ya kuhariri jeni, kutafuta virusi na kuonyesha majibu kwa mistari kwenye stripu (kijikaratasi chembamba), kwa mfano wa virusi vya korona kama kilivyochapishwa mwaka 2020. Ni kwa mafunzo na utafiti. Majibu ya mgonjwa hayatolewi kwa kipimo ambacho mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya nchi yako haijakiidhinisha.

Kwanza elewa kinachotokea ndani ya tyubu. Kimeng'enya Cas12a hubeba kipande kifupi cha RNA elekezi, na kikikutana na DNA inayolingana na RNA hiyo huikata DNA hiyo, kisha huendelea kukata ovyo DNA yoyote ya uzi mmoja iliyo karibu. Tabia hiyo ya pili, ambayo maabara ya Jennifer Doudna huko Berkeley, California, iliitumia kupima virusi mwaka 2018, ndiyo inayofanya zana ya kuhariri jeni iwe kihisi cha kibayolojia. Tunaweka kwenye tyubu vipande vya DNA ya uzi mmoja vyenye rangi ya FAM upande mmoja na biotini (vitamini inayotumika kama kishikio) upande wa pili: vikikatwa, tunajua shabaha, yaani DNA inayotafutwa, imepatikana.

Tenga sehemu mbili za kazi, na ikiwezekana vyumba viwili. Katika cha kwanza andaa mchanganyiko na uongeze sampuli. Katika cha pili pekee ndipo tyubu iliyokwisha kuzidisha nakala za shabaha ifunguliwe. Kila sehemu iwe na pipeti, glavu na koti lake, na kitu kilichotoka chumba cha pili kisirudi cha kwanza. Sisisitizi hili kwa mazoea: hatua ya kuzidisha huacha nakala nyingi mno, kiasi kwamba tone lisiloonekana kwa macho linatosha kuwapa watu wasio na ugonjwa majibu chanya siku nzima. Kila mzunguko wa vipimo uwe na tyubu moja yenye maji safi badala ya sampuli, na nyingine yenye shabaha inayojulikana.

Baada ya kutoa RNA kwenye sampuli, iweke katika mchanganyiko wa RT-LAMP, ambao huigeuza RNA kuwa DNA na kuizidisha kwa joto moja la nyuzi 62 kwa dakika 20. Kisha hamishia kiasi kidogo kwenye tyubu yenye Cas12a, RNA elekezi na vipande vya FAM na biotini, uiache nyuzi 37 kwa dakika 10. Umeme ukikatika katikati ya hatua yoyote, usikadirie muda uliobaki, anza upya.

Sasa tumbukiza stripu na usome baada ya dakika 2. Hapa tafadhali nenda polepole, maana aliyezoea kipimo cha haraka cha malaria anaweza kusoma kinyume. Kwenye kipimo cha malaria, mstari wa udhibiti uko mbali na mahali pa kuweka damu, nao ukitokea peke yake maana yake ni hasi. Kwenye stripu hii, vipande vizima hunaswa kwenye mstari wa kwanza, ulio karibu na mwisho uliotumbukizwa, kwa sababu biotini yao hushikwa pale pamoja na chembe za dhahabu zinazoing'ang'ania FAM. Vikikatwa, dhahabu hupita na kusimama kwenye mstari wa pili, ulio mbali. Kwa hiyo sampuli yenye virusi vingi inaweza kuufifisha kabisa mstari wa kwanza na kuacha ule wa mbali peke yake, na jicho lililozoea malaria litasema hasi ilhali ni chanya yenye nguvu. Chora stripu zote mbili kwenye karatasi, uibandike ukutani mbele ya meza.

Mstari wa pili uliofifia nao una utata, kwa kuwa dhahabu kidogo huweza kuvuja hata pasipo kukatwa chochote. Usiuamue peke yake. Uweke kando ya stripu ya ile tyubu ya maji. Ikiwa stripu ya maji nayo ina mstari wa pili ulio wazi, mzunguko mzima hauna majibu.

Kipimo cha mwaka 2020 kiliangalia jeni mbili za virusi, E na N, pamoja na jeni ya binadamu ya RNase P, kila jeni kwa tyubu na stripu yake. E na N zote zikionekana, ni chanya. Moja tu ikionekana, ni ya kushukiwa na hurudiwa. Zote mbili zikikosekana huku RNase P ikionekana, ni hasi. RNase P isipoonekana wakati E na N hazipo, sampuli yenyewe ilikuwa mbaya.

Simu iingie hapa, si kabla. Piga picha ya stripu zote za mzunguko pamoja, ile ya maji ikiwemo, ndani ya muda wa kusoma, kwa umbali na mwanga usiobadilika. Andika namba ya sampuli, kamwe si jina la mgonjwa. Programu ikikadiria ukali wa mistari, mtu mmoja asome kwanza kwa macho na kuandika alichoona kabla ya kuangalia jibu la programu. Wakitofautiana, mtu wa pili asome. Programu iweze kuhifadhi picha bila intaneti na kuzituma mtandao ukirudi, zikiwa zimesimbwa (zimefichwa kwa msimbo), kwani sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, huziweka taarifa za afya katika kundi nyeti. Majibu yaliyosahihishwa baadaye yasifute ya awali. Yote mawili yabaki, pamoja na saa na aliyebadilisha.