Seva nzito asubuhi: namna ya kumjua anayeila diski

Simu iliingia saa mbili na dakika kumi asubuhi, kama jana yake na juzi yake. "Mwanangu, mashine imelala tena, na watu wamejaa dukani." Ni mzee mmoja wa duka la jumla Chake Chake: mchele, unga, sukari, na seva moja ya Linux chini ya kaunta inayoshika hesabu za stoo. Fundi aliyenitangulia alishamshauri anunue seva mpya. Mimi niko Unguja, nikaingia kwenye mashine kutoka mbali kwa `ssh`. Nilichokifanya ndicho hiki, na amri ni zilezile hata kama seva yako iko Wete au Darajani.

Hatua ya 1: hakikisha kweli ni diski

    uptime
    vmstat 1 5

`uptime` ilionyesha mzigo wa 11 kwenye mashine ya prosesa nne. Wengi wakiiona namba hiyo husema prosesa imezidiwa. Kwenye Linux, mzigo huo unahesabu pia kazi zilizokwama zikiingoja diski, kwa hiyo peke yake haikwambii kitu.

Kwenye `vmstat`, mstari wa kwanza uruke. Huo ni wastani tangu mashine ilipowashwa. Katika mistari inayofuata tazama `b` (kazi zilizokwama), `wa` (asilimia ya muda prosesa imekaa bure ikingoja diski), na `si` na `so` (kumbukumbu inayohamishwa kutoka na kwenda diskini). Nilikuta `b` 9, `wa` 71, `si` na `so` sifuri. Hizo mbili zingekuwa zinapanda mfululizo, ningeachana na diski nikashughulikia upungufu wa kumbukumbu (RAM).

Hatua ya 2: pima foleni

    iostat -x 2

Amri hii inakuja na pakiti ya `sysstat`. Matokeo ya kwanza pia yaruke. Nilichokiona kwa `sda` (jina la diski yenyewe): `r/s` (maombi ya kusoma kwa sekunde) 130, `r_await` 185, `aqu-sz` 24, `%util` 99.

Hapa usiharakishe. `r_await` ni milisekunde ambazo ombi moja la kusoma linachukua, foleni ikiwemo. Diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3, kwa hiyo kusoma huku na huku kwa milisekunde 10 hadi 15 si ajabu. 185 si kasi ya diski, ni kungoja. Fikiria dirisha la tiketi za boti: karani anafanya kazi yake kama kawaida, lakini wewe una watu ishirini na nne mbele yako. Hiyo 24 ndiyo `aqu-sz`.

`%util` (asilimia ya muda diski ina kazi) isikudanganye. Kwa diski moja ya sahani, 99 maana yake imejaa. Kwa SSD, diski isiyo na sahani, ambayo huhudumia maombi mengi kwa pamoja, inaweza kusoma 100 na bado ina nafasi tele. Mimi huamini `await` na `aqu-sz`.

Hatua ya 3: diski yenyewe ni nzima?

    cat /proc/mdstat
    smartctl -A /dev/sda
    dmesg -T | grep -i error

Umeme ukikatika ghafla, RAID (diski kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja) inaweza kujilinganisha upya mashine inapowaka, na kazi hiyo peke yake huila diski kwa masaa. Kwenye `smartctl`, `Current_Pending_Sector` (vipande vya diski vinavyogoma kusomeka) ikiwa juu ya sifuri chukua bakapu leo leo, kisha ubadilishe diski. Na sisi wa pwani tusisahau chumvi: kabla ya kuihukumu diski, chomoa kebo uangalie kutu. Kwa mzee kote kulikuwa safi.

Hatua ya 4: mtafute mlaji

    iotop -oPa
    ps -o lstart,cmd -p 4127

`iotop` ilimtaja mmoja: `tar`, namba 4127, anakomba kila kitu chini ya `/srv`, pamoja na maelfu ya picha za risiti. Bakapu. Lakini bakapu mchana? `ps` ikasema imeanza 08:00:01. Nikafungua `crontab -l`, orodha ya kazi zinazojianzisha kwa saa zilizopangwa (namba ya kwanza ni dakika, ya pili ni saa):

    0 8 * * * /root/bakapu.sh

Nilicheka peke yangu. Aliyeiandika alitaka saa nane usiku, akaandika 8. Kompyuta haihesabu saa kwa Kiswahili. 8 yake ni saa mbili asubuhi, mzee anapofungua mlango. Saa nane usiku ni 2.

Hatua ya 5: rekebisha, kisha pima tena

Kwanza angalia `timedatectl`, maana seva ikiwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, iko nyuma yetu masaa matatu, na utahamisha kosa badala ya kulitoa. Ya mzee ilikuwa sawa. Nikaandika:

    # saa nane usiku
    0 2 * * * ionice -c3 /root/bakapu.sh

`ionice -c3` huiambia bakapu ingoje wengine wapite. Inategemea kipangaji cha foleni ya diski: soma `/sys/block/sda/queue/scheduler`, na ukikuta kilichochaguliwa ni `none`, usiitegemee.

Kesho yake saa mbili na robo nikarudia `iostat`: `r_await` 9, `aqu-sz` chini ya 1. Simu ya mzee ilikuja saa nne, akiuliza kama ile seva mpya bado ainunue.