Jinsi ninavyomsoma Ding Liren kwa vizibo vya soda

Mimi ni mlinzi wa usiku kwenye ghala la korosho hapa Mtwara, na chesi nimejifunzia lindoni. Vijana wa kijiweni Chikongola huniuliza nimemjuaje Ding, Mchina aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa chesi, ambaye sijawahi kumtia machoni. Njia yangu ni hii.

Tengeneza bao. Langu nimelichora kwa makapeni kwenye boksi, miraba 8 kwa 8. Safu za wima ni a hadi h, za mlalo ni 1 hadi 8, kwa hiyo f2 ni mraba wa safu f, mstari wa 2. Kete ni vizibo 32, 16 vya Coca-Cola na 16 vya Fanta, na ndani ya kila kimoja nimeandika herufi zile zile utakazokutana nazo kwenye rekodi za gemu: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Kitunda, yule askari mdogo wa mstari wa mbele, hakina herufi. Kama umetokea kwenye drafti, shika hili: huku kula si lazima. Mpwa wangu ilimchukua wiki nzima kukubali. Akiona kizibo kimeachwa wazi anakikwapua kabla sijatoa mkono.

Gemu zenyewe zipo bure Lichess, tovuti ya chesi. Video achana nazo, zinakula bando. Nakili hatua kwenye daftari kwa mkono, moja moja, maana ukisoma kwenye skrini kidole kinakimbia kuliko akili.

Sasa uanzie wapi? Wengi huanza na ushindi wake. Mimi naanza siku aliyoanguka.

Tarehe 12 Desemba 2024, Singapore, gemu ya 14, ya mwisho. Ding anatetea ubingwa wa dunia dhidi ya Gukesh wa India, wako pointi 6.5 kwa 6.5. Kwetu ulikuwa mchana, msimu wa korosho umepamba moto, nilitakiwa niwe nimelala. Ding ana nyeupe, amepungukiwa kitunda kimoja, lakini kila mtu ana ngome na askofu, na sare ilikuwa inashikika. Simamisha daftari hapo, kabla ya hatua ya 55. Funika mistari inayofuata kwa kiganja, panga vizibo, kaa nayo hata nusu saa.

Ding aliipeleka ngome f2. Gukesh akaila, Ding akalipiza, kisha askofu mweusi akatua d5. Askofu wa Ding yuko pembeni kabisa a8, hana pa kukimbilia, naye akabadilishwa. Wakabaki wafalme, vitunda viwili kwa kimoja. Baada ya hatua ya 58 Ding akakubali kushindwa. Kwa hiyo, kabla ya kubadilishana kete yoyote, iondoe bila kugusa kitu, hesabu kitakachobaki, ndipo uinue mkono.

Usiku unaofuata rudi nyuma hadi Astana, Aprili 2023. Yeye na Nepomniachtchi wa Urusi walikuwa wakigombea ubingwa wa dunia, wakamaliza 7 kwa 7, wakaingia gemu za haraka. Ya nne, Ding ana nyeusi, saa inamwishia, malkia mweupe anamsumbua mfalme wake, na sare iko mkononi. Akaitia ngome g6, mbele ya mfalme wake mwenyewe, imefungwa pale pale: ikiondoka tu, malkia anamfikia mfalme. Akashinda, akawa mwanaume wa kwanza wa China kutwaa taji hilo. Kwa wanawake Xie Jun alishalichukua 1991. Weka kurasa hizo mbili bega kwa bega. Ngome ya g6 iliikataa sare. Ile ya f2, kwa macho yangu, ilikuwa inaitafuta.

Ding aliwahi kucheza gemu 100 mfululizo bila kupoteza, Agosti 2017 hadi Novemba 2018. Usizicheze zote, utachoka. 71 ni sare. Chagua tatu kati ya hizo sare, uangalie anavyojinasua.

Mpwa wangu bado yuko hatua ya 55. Jana kaisogeza ngome kwingine, nikambana tena. Akazoa vizibo bila kusema kitu, akavipanga upya.