SOMO: Kulinganisha mwendo wa injini ya dizeli na mashine ya kusaga

Mfano wetu ni injini ya S195: silinda moja, HP (nguvu farasi) 12, mizunguko 2,000 kwa dakika. Mashine ya nyundo, yaani ya kusaga kwa vyuma vinavyozunguka na kupiga nafaka, inataka mwendo mkubwa kuliko huo. Tofauti hiyo inamalizwa na puli (magurudumu ya mkanda). Gavana, kifaa kinachoshikilia mwendo wa injini, usiiguse.

1. Soma mizunguko kwenye kibao cha mashine. Kama kimeng'oka, pima kipenyo cha duara ambalo ncha za nyundo hupita. Kwa mahindi, ncha ziende mita 70 hadi 90 kwa sekunde. Duara la sentimita 45 likizunguka mara 3,200 kwa dakika linakupa mita 75, panatosha.

2. Piga hesabu ya kipenyo cha puli ya mashine: puli ya injini × mizunguko ya injini ÷ mizunguko ya mashine. Injini ikiwa na puli ya inchi 8: 8 × 2,000 ÷ 3,200 = inchi 5. Kwa mkanda wa B (saizi ya mkanda wa umbo la V) usishuke chini ya hapo. Utajikunja mno, upate moto na kupasuka upande wa ndani. Ukitaka mwendo zaidi, kuza puli ya injini.

3. Funga mikanda mitatu ya B. Ikichakaa badilisha yote kwa pamoja, maana mmoja mpya kati ya mikuukuu hubeba mzigo peke yake.

4. Nyoosha uzi kwenye nyuso za puli zote mbili, uguse kingo zote nne. Kisha bonyeza mkanda katikati: ushuke kama milimita 16 kwa kila mita kati ya shafti na shafti. Ukikaza kupita hapo unaua beringi.

5. Pima kwa takometa (kipima mizunguko) mahindi yakiwa yanaingia. Hapa ndipo ugonjwa unapojulikana. Injini ikishuka na kutoa moshi mweusi, imezidiwa: punguza mlango wa mahindi, kagua chekeche kama limeziba. Injini ikishika mwendo wake lakini mashine ikashuka, mikanda inateleza.

MASWALI

Fundi, nina injini ya petroli ya HP 6.5, mizunguko 3,600. Nihamishie puli hizo hizo?
Hapana ndugu, usiwashe kabisa. Mashine itafika 5,760, ncha zipite mita 135 kwa sekunde. Pini ikikatika, nyundo inatoboa bati na kumfuata mtu. Hata ukirekebisha puli, HP 6.5 haitoshi kwa mashine iliyokuwa ikivutwa na HP 12.

Nikipunguza moto, yaani mwendo wa injini, ili nibane mafuta?
Nyundo zinalala nyuma badala ya kupiga, unga unatoka mnene, debe moja linachukua muda mrefu.

Na dinamo ya umeme kwenye S195 hiyo?
Ya pole 4 (ncha nne za sumaku) inataka mizunguko 1,500 ili itoe umeme wa hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde. Weka inchi 6 kwenye injini na inchi 8 kwenye dinamo. Bila mzigo iache kwenye hezi 52, kwa sababu ukiwasha taa na friji itashuka.