Kabla hujageuza "tabibu" kuwa طبيب

Kazi yangu ni kufasiri nyaraka kati ya Kiswahili na Kiarabu, na neno lililoniumbua kuliko yote ni hili nililodhani halina haja ya kufikiriwa. Rafiki yangu aliyekuwa akifanya kazi Tanzania aliniletea barua yake ya uzoefu: "Tabibu Daraja la II." Nikaandika طبيب (tabiib), daktari, bila kukuna kichwa. Si neno la Waarabu wenyewe? Waliopokea barua wakamtaka alete cheti cha shahada ya udaktari. Hana, na hajawahi kudai kuwa anayo. Mimi ndiye niliyempandisha cheo.

Anza na herufi. Neno hili huandikwa kwa ط, ti nzito, wala si kwa ت. Sisi tumeipoteza tofauti hiyo mdomoni, kwa hiyo ukiandika kwa kufuata sikio utapata تبيب, na Mwarabu ataona kosa papo hapo. Mzizi ni ط ب ب, shina moja na tiba, kutibu na matibabu. Wingi ni أطباء (atibbaa).

Kisha uliza kama ni mwanamume au mwanamke. "Daktari amempima mgonjwa" haitwambii, na Kiswahili hakijali. Kiarabu kinajali hadi kwenye kitenzi: فحص الطبيب المريض kwa mwanamume, فحصت الطبيبة المريض kwa mwanamke. Na mgonjwa akiwa mwanamke, naye hubadilika: المريضة. Mimi humpigia simu mteja. Kubahatisha kwa jina nimeacha.

Sasa penye mtego. Katika mazungumzo, tabibu ni yeyote anayetibu, na طبيب inatosha. Katika muundo wa ajira wa Tanzania, tabibu ni kada yake: mwenye stashahada ya tiba, anayepima, anayetibu na kuandika dawa. Mwenye shahada ndiye daktari, na huyo ndiye طبيب wa kwenye nyaraka. Kwa tabibu huandika مساعد طبي (musaaid tibbi). Sijaridhika nalo, kwa kuwa msomaji anaweza kumdhania msaidizi wa kushika trei, kwa hiyo huongeza tanbihi ya kueleza amesomea nini na anaruhusiwa kufanya nini.

Mganga ni hatari zaidi. Kamusi ndogo zinaweza kukupa ساحر, mchawi. Hebu fikiria "Mganga Mkuu wa Mkoa" anafika kwenye meza ya Mwarabu akiwa mchawi mkuu! Huyo ni daktari anayesimamia huduma za afya za mkoa mzima. Rudi kwenye طبيب. Mganga wa mitishamba ni معالج بالأعشاب (mualij bil-aashaab), mwenye kutibu kwa mimea. Neno la uchawi liache mpaka matini yenyewe iseme uchawi.

Ukitoka Kiarabu kuja Kiswahili, jihadhari na حكيم (hakiim). Wazungumzaji wa Sham, yaani Syria na jirani zake, humwita daktari hivyo, na ukilisikia haraka utaandika "hakimu", mgonjwa wako aishie mahakamani. Hakimu wetu ametokana na حاكم (haakim), lenye alifu baada ya ha. Alifu hiyo, pamoja na herufi ya (ي) iliyo kwenye حكيم, ndizo zinazomtenga mwenye kipimo na mwenye hukumu.

"Dk." mbele ya jina ni دكتور (duktuur), lakini huenda mwenyewe ni mhadhiri wa historia. Usiligeuze kuwa طبيب kabla hujajua alisomea nini.

Barua ya rafiki yangu niliirudia bila malipo. Cheo chake kilichukua maneno mawili, tanbihi ikachukua mistari minne, naye akaisoma kwa sauti nimtafsirie kila neno kabla ya kuitia kwenye bahasha.