Saa nne usiku, kalori 380 zimebaki: ninavyoamua cha kula

Nafunga cherehani saa mbili usiku, napanda daladala Kariakoo, na mpaka nifike Mbagala, nioge na kukaa jikoni, saa nne imeshapita. Hapo ndipo nafungua simu, ambako naandika kila ninachokula, na kukuta kalori 380 zimebaki. Kiwango changu cha siku ni 1,700. Nilipangiwa na mtaalamu wa lishe baada ya presha kupanda na magoti kuanza kuniuma. Kazi yangu ni ya kukaa, saa tisa kwa siku, kwa hiyo mwili wangu hautumii chakula kingi. Wateja wangu kadhaa nao wanahesabu siku hizi, na nikiwapima kiuno swali lao ni hilohilo: dada, zikibaki usiku nile nini?

Mimi naanzia mbali kidogo na chakula chenyewe. Kwanza nahakikisha kwamba hizo 380 zipo kweli.

Zamani nilikuwa naandika mchicha kuwa kalori 40 kwa sahani. Uzito haukushuka kwa wiki tano, na nilikuwa nalala na njaa. Siku moja nikamwambia mdogo wangu, ambaye ndiye hupika jioni, amimine mafuta kwenye bakuli kama anavyomimina kwenye sufuria ya mchicha, asibane mkono. Akamimina. Nikachukua kijiko cha chakula, kile cha kulia wali, nikaanza kuyahamisha kwenye kikombe huku nahesabu. Vilitoka vijiko sita. Kijiko kimoja cha mafuta ni takriban gramu 14, na kila gramu ya mafuta ina kalori 9, kwa hiyo kijiko kimoja ni kama 120. Sita ni 720. Tulikuwa tunakula watatu, yaani kila mmoja alikuwa anapata 240 za mafuta peke yake kwenye mboga niliyoiandika 40. Tulitazamana, hakuna aliyesema neno. Sasa tunatumia vijiko viwili kwa sufuria nzima, mchicha unakolezwa na kitunguu na nyanya, na hakuna anayelalamika.

Kwa hiyo siku niliyokula kwa mama ntilie, usiku naongeza vijiko viwili vya mafuta hata kama sikuviona vikiingia. Wali wake una mafuta, maharage yake yana mafuta na mara nyingine nazi. Zile 380 zinageuka 140 hapo hapo. Kumbuka pia sukari ya chai: kijiko kimoja kidogo ni kama kalori 16, na mtu anayekunywa vikombe vinne vyenye vijiko vitatu kila kimoja ameshakunywa karibu 200 bila kutafuna kitu. Soda ya mililita 300 nayo ina zaidi ya 120. Andika vyote, halafu tazama upya kilichobaki.

Baada ya hapo najiuliza kama nina njaa. Kipimo changu ni kiporo cha maharage. Nikiyafikiria maharage ya jana na nikawa tayari kuyala, basi ni njaa, nile. Nikiona siyataki ila nataka kashata, huo ni uchovu wa siku, nami nachemsha tangawizi bila majani ya chai, nakunywa na kulala. Zikibaki chini ya 150 na njaa haipo, siongezi kitu. Kalori ambazo hukuzila hazichachi, na mwili haufungi hesabu saa sita usiku kama duka. Lakini usijilaze na tumbo linalonguruma kwa kudhani ndiyo nidhamu. Nilifanya hivyo mwaka jana, na asubuhi nilikuwa naamkia maandazi manne.

Sasa, kama unakula, tazama siku yako ilikosa nini. Hili ndilo ninalowasisitizia wateja wangu zaidi ya yote, kwa sababu wengi wanatazama kinachoenea kwenye namba tu. Siku ya mkazi wa kawaida wa Dar ni wanga juu ya wanga: chapati asubuhi, wali mchana, ugali jioni. Kinachokosekana karibu kila mara ni protini, na protini ndiyo inayoshibisha muda mrefu. Yai moja la kuchemsha lina kalori kati ya 70 na 80 na gramu 6 za protini. Mawili ni 150. Ukiyakaanga kwa kijiko kimoja cha mafuta yanafika 270, mayai yakiwa yaleyale mawili, basi yachemshe. Glasi ya mtindi ya mililita 250, wa maziwa yasiyopunguzwa mafuta, ni kama 150 na gramu 8 za protini. Soma pakiti, kwani mtindi wenye ladha ya matunda mara nyingi umetiwa sukari. Gramu 100 za maharage yaliyoiva, bila kuhesabu mafuta, ni kama 130 zenye protini karibu gramu 9, na nyuzinyuzi juu yake.

Kama protini ulishapata mchana lakini hukugusa tunda wala mboga, kula papai au tikiti. Gramu 100 za tikiti ni kalori 30 tu, za papai kama 43, unaweza kula kipande cha kueleweka. Kiazi kitamu cha kuchemsha ni chaguo jema pia. Muhogo una kalori nyingi kuliko kiazi kwa uzito uleule, kwa hiyo kata kipande kidogo zaidi.

Karanga nazipenda na sitamwambia mtu aziache, ila zipimwe. Gramu 30, kiasi cha konzi moja isiyojaa sana, ni karibu 170. Ukikaa na kopo mapajani unatazama tamthilia, utashtuka kopo liko nusu. Toa kiasi chako kwenye kibakuli, funga kopo, lirudishe kabatini, ndipo ukae.

Na zege? Pale kituoni ninaposhukia kuna kijana anakaanga chipsi mayai, harufu inakufuata mpaka uchochoroni. Sahani yake moja inapita kalori 700 kirahisi kwa sababu viazi vimekunywa mafuta na mayai yakaongezewa mafuta mengine. Haiwezi kuingia kwenye 380, na kula nusu sahani ukiwa peke yako na njaa ni ahadi ngumu. Ninachofanya ni kuipanga tangu asubuhi. Ijumaa mchana nakula samaki wa mchuzi na mboga bila wali, usiku nanunua sahani moja ya zege na kachumbari nyingi, tunagawana na mdogo wangu kwenye sahani mbili kabla ya kuanza kula.

Ukikuta zimebaki 700 au 800 usiku, usijaribu kuzimaliza. Kwangu hiyo maana yake ni moja: niliruka chakula cha mchana kwa sababu ya mteja mwenye haraka ya harusi. Nakula sahani ya kawaida, maharage, mboga na ugali kiasi cha ngumi, naacha zilizobaki, na kesho nabeba chakula changu kwenye bakuli la mfuniko.

Saa nayo ina umuhimu wake. Yai la saa nne lina kalori zilezile za yai la mchana, ila ukijilaza na tumbo lililojaa vitu vya mafuta na pilipili, kiungulia kitakuamsha. Mimi najipa saa mbili kabla ya kulala, na nikichelewa sana nachagua kitu chepesi, glasi ya mtindi basi. Kahawa na chai ya majani sinywi usiku kabisa.

Mama yangu anatumia dawa za sukari, na utaratibu huu haumhusu. Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari akiruka chakula cha usiku, sukari inaweza kushuka hatari akiwa usingizini. Yeye, mjamzito na anayenyonyesha wapange na daktari wao.

Jana nilikuwa nimebeba chakula cha nyumbani, mafuta nayajua, hivyo 380 zilikuwa za kweli. Protini ilikuwa ndogo, njaa ilikuwepo. Niliandika kwanza kwenye simu kabla ya kushika kijiko: mtindi glasi moja 150, ndizi mbivu ya wastani 105, karanga gramu 15 ambazo ni kama 85. Jumla 340. Nikakatia ndizi ndani ya bakuli la mtindi, nikazitwanga karanga kidogo na kuzinyunyiza juu, nikala taratibu barazani huku mdogo wangu ananisimulia habari za chuoni. Zile 40 nikaziacha.